Eda ya Moza

Mimi simwamini mtu anayelia kumshinda mfiwa. Nilimwangalia Husna miaka mitatu iliyopita, siku alipotuletea habari kwamba kaka yake, Nurdin, amefukiwa na shimo la madini huko Tunduru na maiti haikupatikana. Moza, mke wa Nurdin, alikaa mkekani akitazama ukuta. Husna alizimia mara mbili, na mara zote mbili aliangukia godoro.

Nyumba yetu iko Mchafukoge, vyumba sita na baraza moja. Mimi nashona barazani, Moza anauza zipu na vifungo kwenye meza yake Msimbazi, Husna ana chumba cha mwisho. Moza alikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, bila wanja wala manukato, na Husna ndiye aliyempikia na kumchemshia maji ya kuoga. Watu wakasema wifi kama huyu hajazaliwa mwingine. Nikasema haya, nikaendelea kushona.

Ila Moza alikuwa na jambo alilolimeza, zaidi ya msiba. Lilimkondesha mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Ukimuuliza, anakwambia amechoka tu.

Mwaka huu Mungu akamfungulia. Abubakary, fundi wa magari Gerezani, mtu mpole mwenye kucha nyeusi kwa oili, alileta posa ikapokewa. Ndoa ikapangwa Ijumaa. Moza akaanza kucheka tena, akanipa kitambaa nimshonee gauni. Nilifurahi kana kwamba naolewa mimi.

Wakati huo wanawake wa nyumba nzima tulikuwa tunafuata riwaya moja ya kwenye simu, inayotumwa kwenye kundi letu kipande kimoja kila siku. Mwandishi alijiita Binti Msiri na hakuna aliyemjua. Ilikuwa habari ya mke aliyepotelewa na mume: mapenzi, mafumbo na mateso, tukilia na ncha za kanga mdomoni. Husna peke yake hakuisoma, eti hadithi za kuliza zinampa maumivu ya kichwa. Mtu ambaye simu haimtoki mkononi, nilijiuliza, kutwa anaandika nini?

Jumanne mchana Moza alikuja barazani ameiacha meza yake, uso umempauka. Akanionyesha kipande cha siku ile. Mume anasafiri alfajiri, wamegombana. Mke anaitupa chapati yake sakafuni, anamwambia nenda usirudi. Mume anaiokota, anaipangusa, anaila amesimama, kisha anasema: chakula hakina kosa.

"Sitara," akaniambia, "hayo ni maneno ya Nurdin. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi. Tulikuwa wawili tu chumbani, na sijamwambia kiumbe."

Ndipo nilipolijua jambo lenyewe. Miaka mitatu aliamini ulimi wake ndio uliomuua mumewe. Nililia, nasema kweli. Kisha nikafuta machozi nikaanza kufikiri. Kama yeye hakusema, basi amesema Nurdin, na habari zote za Nurdin tangu aondoke zilikuja kwa simu ya mtu mmoja. Na maiti hatukuiona. Kama Nurdin yu hai, Ijumaa hii Moza anaolewa hali ni mke wa mtu.

Tulimkuta Husna kitandani. Akaigeuza simu kifudifudi. Moza hakutaja riwaya wala kundi, aliuliza kwa upole tu: "Wifi, habari ya chapati kakwambia nani?"

"Ile ni hadithi tu, wifi," Husna akajibu haraka.

Njia ya mwongo fupi. Hakuna aliyekuwa ametaja hadithi. Alijisikia mwenyewe, akainama, akaanza kusema kidogo kidogo. Jambo lilikuwa linamkaba, kulitamka hawezi, akaona aliandike kama hadithi ya watu wengine. Nurdin hakufukiwa na shimo lolote. Yuko Tunduru na mke mwingine na watoto wawili. Aliona aibu kutoa talaka, akamwomba dada yake amzike kwa maneno.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa tayari kumrukia, lakini Moza alinishika mkono. Akauliza kitu kimoja.

"Alijua kwamba namkalia eda?"

"Alijua," Husna akasema. "Ule mchele wa hitima yake aliutuma yeye mwenyewe."

Moza alikaa chini sakafuni. Nikampapasa mgongo. Kisha akaichukua simu ya Husna, akapiga. Nurdin alipoitikia hakumtukana. Alimwambia ni Moza, anataka talaka yake sasa hivi, dada yake na jirani wakiwa wanasikia. Tulisikia mtoto akilia huko upande wa pili, halafu Nurdin akaitamka, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekamatwa.

Jioni tukaenda sote wawili Gerezani. Kabla ya kueleza lolote, Moza alimwambia Abubakary Ijumaa haipo, itabidi angoje, kwani ana eda ya kukaa. Abubakary alipangusa mikono kwa tambara, akauliza anamkalia nani tena.

"Yule yule," Moza akasema. "Mara hii akiwa hai."