Ukuta wa Nyuma

Mimi ni mwoga. Mdomo ninao, Keroka nzima inaujua, lakini ndani ni mwoga tu. Siku mwenye ploti alipokuja kutuambia kodi inapanda tena na asiyeweza afungashe mwisho wa mwezi, nilimpasulia maneno mpaka akarudi nyuma hatua mbili. Alipoondoka nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa kitandani. Chumba kimoja, watoto watatu, cherehani yangu pale mlangoni, na hata hicho hatukukiweza tena. Kila ploti niliyouliza ilikuwa imepanda vilevile.

Kilichobaki ni nyumba za serikali. Ghorofa zilikuwa zimeshapakwa rangi, tunaziona kutoka sokoni, na mtu angelipa kidogo kidogo mpaka iwe yake. Sharti kubwa lilikuwa moja: uwe huna nyumba. Nikamwambia mume wangu, hapo tumefaulu, kama kuna kitu tunacho kwa wingi ni kukosa nyumba.

Tulikwenda kujiandikisha kwao mume wangu, upande wa Kebirigo, katika ofisi ya chifu. Foleni ilikuwa ya watu waliokua naye, waliotahiriwa naye, na nyuma yake kabisa alisimama mzee wa kanisa letu. Karani, msichana mpole, akamuuliza, "Una nyumba yako mwenyewe?"

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, si mtu wa maneno. Akakohoa. "Ninayo. Pale nyumbani kwa baba."

Nilimfinya mpaka kucha yangu ikauma. Alitazama mbele kana kwamba yuko ibadani.

Kwetu, mwanamume mwenye mke na watoto asiyekuwa na nyumba kwenye boma la baba yake ni mtoto tu. Tena mzazi akifa, mwana lazima atoke kwenye mlango wake mwenyewe kwenda kumzika. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alijenga kwa siku nne, mabati na udongo mbichi, tukalala humo wiki ya matanga, basi. Tangu siku hiyo hajalala mtu. Lakini aseme "sina" mbele ya wale wanaume? Afadhali angevuliwa suruali.

Nilirudi dirishani kwa karani peke yangu. "Msichana wangu, hiyo ni ya msiba tu, haikaliki."

"Mama, imeshaandikwa. Maafisa watakuja kuiona. Wakikuta haikaliki, watalifuta jibu hilo."

Usingizi ulinihama. Nikishona, mishono inapinda. Na kwa woga huo nikafanya kosa langu mimi. Nilimpigia mama mkwe simu, nikamwambia wageni wa serikali wanakuja kuangalia nyumba ya mwanawe. Sikumwambia kwa nini. Niliona aibu kusema mwanawe anaomba makao kama mtu asiye na kwao.

Siku ilipofika, tuliingia bomani, maafisa nyuma yetu, nikasimama ghafla. Ee Nyasae, Mungu wangu! Dirishani pazia. Ukuta wa mbele umesiribwa upya. Ndani, viti vya mama mkwe mwenyewe vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kitanda kimetandikwa, kalenda ya kanisa, chupa ya chai na sinia la ndizi zilizopikwa. Mama mkwe amevaa nguo ya Sabato, uso unang'aa. "Karibuni nyumba ya mwanangu!"

Mkojo ulitaka kunitoka.

Maafisa walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Yule mwanamke akatazama huku na huku, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nyumba nzuri. Nani analala hapa?"

"Mwanangu," akajibu mama mkwe. "Kila akija. Hii ni yake."

"Kwa hivyo inakaliwa," akasema afisa, akainamisha kalamu.

Nilifungua huu mdomo wangu, huu unaoogopwa na wenye ploti, hakikutoka kitu. Utamwitaje mama mkwe mwongo kwenye boma lake, naye anakumiminia chai? Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki moja mbele. Nikawaona watoto wangu na magodoro barabarani.

Ndipo mume wangu akainuka. Akaenda mpaka ukuta wa nyuma, palipotundikwa shuka kubwa la maua, akalivuta likaanguka. Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Ulishaporomoka na mvua, na tukaona michai ya jirani mpaka bondeni.

"Mimi sina nyumba," akasema. Kwa Kiswahili, ili maafisa wasikie. Kisha akamgeukia mama yake, akalisema tena kwa Ekegusii.

Afisa akakata alichoandika, akaandika upya, akampa mume wangu karatasi atie sahihi. Waliondoka bila kumaliza chai. Mama mkwe akaanza kutoa vitambaa kwenye viti, kimoja kimoja, akivikunja. Nilimsaidia. Hakuniangalia. Alipomaliza akamuuliza mwanawe, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, "Na siku yangu ikifika, utatoka mlango gani kuja kunizika?"

Mume wangu akaokota lile shuka la maua, akaanza kulikunja.

Jina letu lilitoka. Tuko ghorofa ya tatu, maji yanafika, watoto wana chumba chao, na hakuna anayekuja kutugongea mwisho wa mwezi. Nilishukuru mpaka nikalia, sikatai. Lakini ule ukuta wa nyuma hatujaujenga. Tunaogopa kuujenga, maana tuliweka sahihi kwamba hatuna nyumba. Na mama mkwe siku hizi anakohoa. Simu ikiita kutoka nyumbani asubuhi, mume wangu ananitazama, nami namtazama, na kila mmoja anangoja mwenzake aishike.