Macho ya Safu ya Nne

Tsui-lien alikuwa amefagia majukwaa ya uwanja wa besiboli wa Hsinchu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo kitu kilichomchosha hakikuwa ufagio, ni watu. Watu walitema maganda ya mbegu za tikiti chini ya viti, wakamwaga chai ya maziwa ngazini, wakasahau viatu vya watoto na meno ya bandia. Kuna familia moja iliwahi hata kumsahau bibi yao, akakutwa amekaa peke yake uwanja ukifungwa. "Iko siku watacheza bila hawa," alizoea kuwaambia wafagiaji wenzake, "nami nitakunywa chai yangu kwa raha." Mwaka wa Korona akapewa alichokiomba, na raha hakuiona.

Msimu ulifunguliwa katikati ya Aprili bila mtazamaji hata mmoja. Dunia nzima michezo ilikuwa imesimama, ikabaki hii ya kwao tu, na ilisemekana hata Wamarekani walikuwa wanaamka alfajiri kuitazama. Wasichana wa kushangilia walicheza jukwaani wakivitazama viti elfu nane vitupu. Spika zilipiga makofi yaliyorekodiwa mwaka uliopita, makofi ya watu ambao sasa walikuwa wamejifungia majumbani. Mrushaji akirusha, mlio wa mpira ndani ya glavu ya mdakaji uligonga ukuta wa mbali ukarudi umechelewa kidogo, hata ungedhani kuna mechi ya pili inachezwa mahali fulani. Tsui-lien hakuupenda mlio ule, na alianza kufagia akiwa ameupa mgongo ukuta.

Baada ya wiki moja Bwana Ko, msimamizi wa uwanja, akapata wazo. Bwana Ko alikuwa na kitambi, haraka na mawazo, na mara nyingi mawazo yake yalimaliziwa na mikono ya wengine. Alinunua sanamu arobaini za dukani kutoka duka la nguo lililofilisika, akataka zivalishwe jezi za Korongo, timu ya nyumbani, pamoja na kofia na barakoa, kisha zikalishwe nyuma ya kituo cha tatu ambako kamera hupita kila mara. Tatizo likawa moja. Sanamu hazikuwa na macho.

"Kwenye televisheni zinatisha," alisema. "Shangazi Tsui, marehemu mumeo si alikuwa mchora macho ya miungu? Brashi zake unazo bado?"

"Ninazo."

"Basi zipake macho. Mdomo na pua acha, barakoa itafunika. Macho tu."

Mume wake, Jung-kui, alikuwa fundi wa kupaka rangi sanamu za mahekalu. Kila mtu mtaani kwao alijua jinsi kazi ile ilivyo: sanamu huchongwa, hupakwa rangi, hutiwa dhahabu, na macho huja mwisho kabisa, siku ya dua, kwa mkono wa anayeruhusiwa. Kabla ya hapo uso hufunikwa karatasi nyekundu. Sanamu isiyo na macho ni gogo. Ikishapata macho, huwa kuna mwenyeji ndani yake, na kazi ya dua ni kuhakikisha aliyeingia ndiye aliyealikwa.

Tsui-lien aliyajua yote hayo, akajiambia hii ni plastiki, plastiki haina utumbo wala roho. Akazipaka macho sanamu thelathini na tisa kwa alasiri moja, harakaharaka, kama anayemenya vitunguu. Ilipofika ya arobaini, jezi zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo alipofanya jambo lake. Mtu akifa kwao, nguo zake huchomwa ili zimfikie huko aliko, asikae na baridi. Oktoba iliyopita, ini lilipomwondoa Jung-kui, Tsui-lien alichoma suti, viatu, hata soksi zenye matundu. Jaketi la kijani la Korongo hakulichoma. Lilikuwa na harufu ya rangi na sigara, na mkono ulikataa tu kulitupa motoni. Miezi sita lilikuwa limefichwa kwenye kabati lake la kazini na hakumwambia mtu. Sasa akaivalisha sanamu ya arobaini jaketi lile, akaiketisha safu ya nne, kiti alichokipenda mumewe, akapiga magoti mbele yake na brashi. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipomaliza akaona jicho la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, kama la Jung-kui hasa. Moyo ukampasuka, na ukweli usemwe, ulipasuka kwa furaha.

Siku iliyofuata mechi ya kwanza ya sanamu, simu ikalia kutoka nyumba ya wazee. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Peng, mwenye miaka themanini na minane na ulimi ambao haujazeeka.

"Wewe mwanamke una siri wewe. Mbona hukuniambia mume wako amerudi?"

Mama Peng hakuwa ameambiwa kwamba mwanawe amekufa. Ukoo mzima ulikubaliana hivyo: mama wa umri ule hasimamishwi mbele ya jeneza la mwanawe, atamfuata. Wakapatana aambiwe kuwa Jung-kui yuko Vietnam, anapaka rangi hekalu la matajiri. Mipaka ilipofungwa mwezi Machi, uongo ulipata pumzi. Nyumba ya wazee ilipozuia wageni, ukanenepa.

"Nimemwona safu ya nne," mama akaendelea. "Jaketi wazi, kifua nje. Mwambie afunge zipu, ana mapafu mabovu tangu utotoni."

"Nitamwambia, Mama."

"Na mbona hapigi simu?"

"Wamewekwa karantini ya uwanjani. Simu haziruhusiwi." Uongo ulimtoka laini kama tambi, akajichukia.

Alikwenda uwanjani moja kwa moja, akapanda hadi safu ya nne afunge zipu. Akakuta imefungwa, mpaka shingoni. Akamuuliza Bwana Ko kama kuna aliyezigusa.

"Nani ana muda wa kuvalisha plastiki?" Bwana Ko akacheka. "Labda alisikia baridi, Shangazi."

Hsinchu ni mji wa upepo, na upepo ulibebeshwa lawama nyingi wiki zile. Upepo ndio uliogeuza kichwa cha sanamu ile, kikakutwa asubuhi kinatazama mlango wa wafagiaji. Upepo ndio uliorudisha harufu ya rangi mbichi kwenye kola. Tsui-lien akazoea. Akaanza kula chakula chake cha mchana karibu na safu ya nne, wali na yai la kuchemshwa kwenye mchuzi wa soya, akisimulia bei ya barakoa na dawa inayonuka ya chooni. Kwanza aliacha viti vitatu katikati, kwa adabu. Kisha viwili. Wakati wa mechi, kazi ikiwa imepungua, alikaa hapo pia. Hakuwa ameongea hivyo na mtu tangu Oktoba. Alikuwa na furaha, lakini nguo zilianza kumpwaya, na usingizi ulimwelemea kama mtu aliyelishwa dawa. Getini walimpima joto kila siku, na kila siku joto lilikuwa sawa.

Ikatangazwa kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe nane Mei, watazamaji elfu moja wataruhusiwa kuingia, na sanamu zitaondolewa Alhamisi jioni. Jumanne ya wiki hiyo Tsui-lien hakuweza kuinuka kitandani. Alilala kutwa nzima, hakufika kazini. Jumatano mama mkwe akapiga simu, na safari hii hakugomba. Sauti ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomtisha Tsui-lien.

"Nimeongea na Jung-kui," alisema.

"Kwa simu gani, Mama?"

"Hahitaji simu. Kamera inapopita, ananitazama. Anaondoka Ijumaa. Na hataki kwenda peke yake."

Kila mtoto wa Hsinchu alikulia kwenye hadithi za wagonjwa ambao siku chache kabla ya kufa husema fulani amekuja kuwafuata, na fulani huyo kaburi lake lina nyasi. Yeye ndiye aliyefungua macho yale bila dua. Yeye ndiye aliyemnyima marehemu nguo yake, akamwacha huko na baridi, kisha akamwekea jaketi kama chambo. Sasa mume wake alikuwa anamchukua mama yake. Ilibaki njia moja tu ya kumzuia mama asikubali kwenda: kumwambia anayemwita ni maiti. Nao ukoo mzima uliamini neno hilo lenyewe lingemuua. Tsui-lien alipima pande zote mbili akaona zote ni kaburi. Ila upande mmoja angalau haukuwa na uongo.

Alhamisi saa tisa alasiri alisimama nje ya dirisha la nyumba ya wazee. Wageni walikuwa wanaruhusiwa kuonana kupitia kioo tu. Wati, mtunzaji kutoka Indonesia, alimsogeza Mama Peng kwa kiti cha magurudumu, akamshikia simu sikioni.

"Umekonda," mama akasema kabla ya salamu.

"Mama, nina neno. Usiende naye Ijumaa." Tsui-lien akaweka kiganja kwenye kioo. "Jung-kui amekufa. Alikufa Oktoba, ini. Tulikuficha. Yule ni sanamu ya duka, nimeichora mimi. Nisamehe, Mama, lakini akikuita usiitike."

Wati akaziba mdomo. Mama Peng hakupepesa.

"Mimi ni mzee, si mjinga," alisema. "Nilijua tangu mechi ya kwanza. Mtu aliye hai hakai saa tatu bila kwenda chooni. Jung-kui? Na kibofu kile?"

Tsui-lien alitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Nyamaza unisikilize. Mimi hakuniita. Mimi nilikuwa natazama viti. Kwanza ulikaa mbali naye, viti vitatu. Halafu viwili. Halafu kimoja. Kila mechi unasogea, na kila mechi uso wako unazidi kuwa kama wa wale wengine. Jumanne ulikuwa umemlalia begani, mechi nzima, hukuinuka."

"Jumanne sikwenda, Mama." Tsui-lien akaibana simu sikioni. "Jumanne nilikuwa kitandani."

"Najua nilichokiona."

Nyuma ya mama, televisheni ya ukumbini ilikuwa inaonyesha matangazo ya sabuni.

"Ndiyo maana nikaongea naye," Mama Peng akasema. "Nikamwambia, mwanangu, kama ni mwenza wa safari unataka, nifuate mimi Ijumaa. Mimi nimeshiba miaka. Huyo mwanamke mwachie, nilimwozesha kwako, sikumwozesha kwa kaburi lako."

Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anachukuliwa, na bibi kizee aliyedanganywa miezi saba ndiye aliyejiweka katikati. Tsui-lien hakujua aanze na aibu au na shukrani. Alisema tu, "Hapana, Mama. Hakuna anayekwenda," akarudi uwanjani karibu kwa kukimbia.

Jua lilikuwa bado kali. Vijana wa lori walikuwa wameanza kubeba sanamu kwapani, lakini safu ya nne hawakuwa wameifikia. Sanamu ya arobaini ilikuwa imekaa imeuelekea mlango aliotokea. Tsui-lien alijikaza, akatoa spriti ya kusafishia mikono mfukoni, akainyunyizia macho na kuyasugua kwa kitambaa mpaka plastiki ikabaki tupu. Jicho la kushoto lilikataa kutoka, akalisugua huku analia. Kisha akavua jaketi. Lilikuwa na joto ndani, na akaamua kwamba ni jua.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na pipa la bati la kuchomea karatasi za wafu, pesa za kuwapelekea huko waliko. Aliwasha karatasi za dhahabu, akaita kama alivyotakiwa kuita Oktoba: "Jung-kui, njoo uchukue jaketi lako. Mama hakufuati. Mimi pia sikufuati." Alitaka kuongeza kwamba anampenda, akaogopa neno hilo litasikika kama mwaliko, akaling'ata. Jaketi liliungua polepole, zipu ikabaki nyekundu chini ya pipa. Alisimama hapo mpaka ikapoa, akijisikia mnyang'anyi, na usiku ule alilala bila kuota.

Ijumaa watu elfu moja waliingia, wamevaa barakoa, wameachiana nafasi. Walipiga makofi kwa aibu mwanzoni, kama wageni kwenye nyumba yenye msiba, kisha wakazoea. Tsui-lien alikuwa anafuta reli za ngazi simu ilipotikisika. Namba ya nyumba ya wazee. Aliiacha itikisike mara tano, roho iko mkononi, akiwa na hakika atasikia sauti ya Wati.

"Simwoni," Mama Peng akasema.

"Hayupo, Mama. Nimemchomea jaketi. Ameondoka."

"Nimetazama kila kamera inapopita. Safu ya nne, safu ya tano. Kote nimetazama."

"Ameondoka, Mama."

Korongo mmoja akapiga mpira mrefu, na uwanja mzima ukainuka. Katikati ya kelele ile Tsui-lien akasikia, sikioni mwake, mwanamke mzee akianza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti yote, akiliita jina la mwanawe kama wanavyoliita akina mama wenye maiti ndani ya nyumba. Akakaa ngazini, akafunika sikio la pili kwa kiganja ili asipoteze hata neno, akalia naye.