Kidole Juu ya Enta

Fundi wa video za harusi hapa Bwera huandika kwa vidole viwili, akiimbia puani. Kabla ya kubonyeza Enta hukifuta kidole kwenye suruali, hata kikiwa safi. Tena hana skripti, ile orodha ya amri anazoiandikia kompyuta, inayofuta faili bila kumtajia kwanza itakachofuta. Wateja huona anawachelewesha. Yeye huendelea na wimbo wake.

Hidayah alipokuja kuchukua video yake, alikuta kompyuta imejaa. Fundi akaiagiza skripti ifute folda ya Harusi mbovu, anamotupia vipande vilivyoharibika. Ikajibu kwa mistari miwili: nitafuta Harusi, nitafuta mbovu. Wimbo ukakatika. Kompyuta ilikuwa imeona nafasi kati ya maneno ikadhani ni majina mawili, na Harusi ni folda nyingine, yenye harusi zote alizowahi kurekodi.

"Iko nini?" Hidayah akauliza.

"Ilitaka kufuta harusi yote ya Bwera."

"Na yangu?"

"Na yako." Akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akayazungushia yale maneno alama za kunukuu, mbele na nyuma, taratibu kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Safari hii mstari ukatoka mmoja: nitafuta Harusi mbovu. Akakifuta kidole kwenye suruali.

"Ngoja," Hidayah akasema. "Mule kwa mbovu, iko ile bwana yangu alianguka akicheza?"

"Iko. Niliitoa, nikaona itakutia haya."

"Rudisha kwa video yangu. Na umuache aanguke yote."