Mshikaji Wangu Ndani ya Mlango

Ukitaka usiamini, hiyo juu yako. Mimi sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo. Wala usisubiri usiku wa manane na mbwa kubweka. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, uani kwangu hapa Mtendeni, Tabora, ninapotengeneza umeme wa magari.

Siku hiyo mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, aliniletea gari lake dogo kutoka Usoke. Gari kuukuu, lakini analipenda kama ng'ombe wa maziwa. Shida ilikuwa vitasa vya umeme: ukibonyeza swichi milango mitatu inaitika, wa nyuma kushoto umenuna.

"Shikamoo mzee. Niachie, nenda kanywe chai."

"Marahaba, fundi. Unisaidie kweli. Mke wangu mguu haukunjiki, anapandia mlango huo huo tu."

Nikatoa kava la mlango. Mota ya kitasa ilikuwa imekufa, nikaweka nyingine. Sasa nikueleze kidogo: ndani ya mlango huoni kitu. Unapenyeza mkono kwenye tundu, unapapasa, na mwenzako anakushikia chuma chembamba kinachovuta kitasa, ili wewe ubane klipu. Mshikaji haachii mpaka aambiwe "achia".

Mshikaji wangu miaka yote alikuwa Vero, mke wangu. Nikimwita anaacha cherehani yake, anakuja. Alikuwa amefariki miezi minne kabla. Sikulia. Kwaya iliimba, watu wakalia, mimi nikawa nawaza maturubai yatarudishwa saa ngapi. Tangu hapo nilikuwa nakula tu, ladha siisikii.

Basi nikapapasa, chuma kikaniponyoka, na kwa mazoea nikasema, "Vero, shika hapo."

Kikashikwa.

Niamini. Nilibana klipu vizuri kabisa, na kidole changu kikagusa kidole chenye sugu ya sindano ubavuni. Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mimi nilibaki nimechuchumaa pale, sina hofu, sina furaha. Nikatoa mkono, nikarudisha kava, nikafunga mlango. Nikabonyeza swichi, milango yote minne ikajifunga. Kufungua sikujaribu. Na lile neno "achia" sikulisema. Sikusahau, nisikudanganye. Niliacha makusudi.

Siku ya tatu mzee akapiga simu. "Fundi, mlango ule umegoma kufunguka, nje hata ndani. Mama leo kakosa kliniki."

Nikaenda Usoke. Mkewe nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya gari, mguu umefungwa khanga, uso umesinyaa kwa maumivu.

"Nifungulie, mwanangu," akasema. "Mguu unaniwaka moto."

Nikaingilia upande wa pili, nikatoa kava, nikapenyeza mkono. Alikuwepo. Bado ameshika, kama nilivyomwacha, na kile kidole sasa kilikuwa kinatetemeka kwa kuchoka. Siku tatu! Ndipo nilipoona aibu, na hiyo aibu ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni tangu msiba.

Ningeweza kunyamaza. Ningemwambia mzee mlango haufai, atafute mwingine, nikaondoka na huo wenyewe. Nilifikiria hivyo, kweli nilifikiria. Lakini yule mama alikuwa anagugumia pale nje.

Nikasema polepole asisikie mtu, "Achia, mke wangu. Ahsante."

Kitasa kikafunguka. Nikapapasa tena mle ndani, kila kona. Chuma na waya tu.

Tangu siku ile mkono huu wa kushoto, ndio ninaopapasia, una ganzi mpaka kwenye kiwiko. Hospitali waliuchoma sindano, nikawa naangalia tu. Kazi za milango sizifanyi tena, maana huwezi kupapasa kwa mkono usiosikia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mtu wako aliyetangulia, chunga mdomo ukiwa kazini peke yako. Ukimwita kwa mazoea atakuja, na hataondoka mwenyewe. Utamwondoa wewe. Siku ya kumzika Vero tulikuwa watu wengi, kila mtu amenishika bega. Kule Usoke nilikuwa peke yangu kwenye kiti cha nyuma, mkono ndani ya mlango mtupu, na yule mama ananiuliza kama mlango umepona.

Nikamwambia umepona.