Ndege Iliyopanguswa kwa Leso

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta kwa kinyozi mjini Bungoma, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa. Kinyozi, kwa heshima, akazima mashine. Ikabidi nimkumbushe kwamba marehemu mwenyewe angecheka sana kuniona matangani na kichwa cha namna ile. Aliyetutoka alikuwa mwalimu aliyeacha chaki akafungua studio ya video pale Kitale, na wengi wenu mnaopenda nyimbo za kwaya mmeiona kazi yake bila kujua ni yake. Ndiye aliyeiunda ile ndege.

Kwaya moja ya huku Mabanga ilikuwa imerekodi wimbo wa safari ya mbinguni, ikamtaka aitengenezee video yenye ndege. Ndege ya kukodi haikuwezekana, kwa hiyo akaamua kuiunda kwenye kompyuta. Shida ni kwamba mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa ameshatamka kwamba mwanamume anayeshinda akicheza na kompyuta hana kazi, na kwamba asiporudi darasani muhula ujao, yeye atakuja kumchukua binti yake. Nanyi mnazijua desturi zetu: mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hata wakikutana njiani mmoja hukata kona. Basi mama alipokuja kuikagua ndege, mkwe alijificha nyuma ya pazia la kupigia picha, nami rafiki yake nikawa mjumbe kati ya watu wawili waliokuwa wakisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie hii ni beseni," mama alisema. "Inang'ara ati kama imetoka dukani leo. Na kivuli iko wapi? Si hata kuku iko na kivuli?"

"Mwambie nimesikia," pazia likajibu.

"Amesikia, Mama," nikasema.

Juma lililofuata akaniburuta hadi uwanja mdogo wa ndege wa Kitale, kamera shingoni. Askari akatuuliza tunatafuta nini. "Uchafu," akajibu bila aibu, na nusura tufukuzwe. Tulipiga picha matope mekundu ya magurudumu, masizi ya nyuma ya injini, wadudu waliokufa kwenye pua ya ndege, na rangi iliyochubuka mlangoni pale abiria wanapokanyaga. Akarudi akaubandika uchafu ule, kipande kwa kipande, juu ya ndege yake, akaipa na kivuli. Stima ikapotea, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea nayo. Alitukana kwa Kibukusu, akaanza upya. Nilimwambia anaharibu kitu kizuri. "Bana, kitu safi hivyo, nani ataamini imewahi kufanya kazi?" akanijibu. Nami tangu siku hiyo siwaamini viongozi wanaokuja kutuhutubia shambani wakiwa wamevaa gambuti mpya zisizo na tope.

Mama alirudi. Akaketi mbele ya kompyuta, akainama, kisha akashika pindo la leso yake akaanza kupangusa kioo. "Mwambie asafishe vitu vyake," akasema. "Kioo imejaa matope." Akapangusa tena. Matope hayakutoka. Nilimwona akishtuka, akaliachilia pindo polepole na kujifanya anaitengeneza leso kiunoni. Pazia lilikuwa likitikisika kwa kicheko. Alichosema ni "Itapita" tu, akaondoka. Lakini habari za kurudi darasani hakuzitaja tena, na binti yake hakufungasha hata kijiko. Rafiki yangu alifurahi, ila hakutosheka. Alitamani kusikia neno moja la sifa kutoka kwa mama yule, na kila Krismasi aliniuliza kama nimetumwa chochote. Sikuwa nimetumwa.

Maziko yalifanyika Saboti. Mama alikaa mbali, nyuma kabisa ya hema, kama desturi inavyotaka. Nilipopita akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "mwambie ile ndege ilikuwa ya kweli."

Nikaenda hadi kwenye jeneza, nikainama, nikamwambia. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, hakuwa na la kubisha. Wasomaji wangu, kama kuna mtu unayemsifu kwa wengine tu, mpelekee sifa zake leo, angali anaweza kukubishia.