Yohana Alipoulizwa Kama Ananijua

Leo rafiki yangu Yohana amenikana mchana kweupe.

Nilienda kujiandikisha hapa Nakuru, maana sisi Waafrika ndiyo mara ya kwanza tunapiga kura. Lakini Mkikuyu kama mimi haandikwi bila cheti cha uaminifu kwa serikali, cha kuonyesha hakuwasaidia wapiganaji wa msituni, na lazima mtu amdhamini mbele ya kamati.

Mwenyekiti akamgeukia Yohana, niliyekuja naye anidhamini. "Huyu unamjua?"

Jamani, tumeimba kwaya pamoja miaka kumi na miwili!

Akatazama viatu vyake. "Namwona tu kanisani, bwana."

Basi, nikaambiwa nitoke.

Nje akanikimbilia akilia. "Ndugu, wangeninyang'anya na mimi cheti changu."

Nikashika njia ya nyumbani.

Jumapili mimi na yeye hushika kitabu kimoja cha nyimbo. Niambieni, wapendwa, nitaimbaje?