Wafupi wa Temeke

Juzi nimepita Temeke kumjulia hali dada yangu, nikakuta pale palipokuwa uwanja wetu wa ngoma pamesimama ghala lenye geti la chuma, na mlinzi ananiuliza, "Shikamoo bibi, unamtafuta nani?" Nimjibu nini, wewe? Naitafuta Jumapili ya zamani! Nikacheka peke yangu, nikaenda zangu.

Enzi hizo sukari foleni, sabuni foleni, lakini raha haikuwa na foleni. Jumapili alasiri, bibi yangu akishaepua mihogo ya nazi, ngoma zinaanza kulia nasi tunatoka mbio, vidole bado vina tui. Watu wa kusini wanacheza, wa bara wanacheza, hata mwalimu wetu, mkali kama pilipili, alikuwaga anakata kiuno. Ah, tulifurahi sie!

Kilichotuvuta zaidi ni mironjo, ile miti mirefu ya kufunga miguuni. Mchezaji alikuwa binti mdogo, rika langu, anacheza juu ya vichwa vyetu huku mjomba wake akipiga ngoma. Akienda sawa, tunampigia makofi tu. Akiyumba kama anataka kuanguka, basi ni mayowe, na tuzo zinamiminika: shilingi, leso, hata kipande cha sabuni. Mjomba alishalijua hilo. "Mcheza kwao hutuzwa!" anapaza sauti, na mtoto anayumba tena. Nasi tunaitikia, "Yumba! Yumba!"

Siku moja, ngoma ilipokwisha, binti akaingia kwetu, nyumba iliyopakana na uwanja, kuomba maji. Alipofungua vitambaa vya miguuni, vifundo vilikuwa vimechubuka, vinatoka damu. Bibi akamkanda kwa maji ya chumvi, akamwuliza kwa nini hashuki akichoka. "Nyie mkipiga kelele, mjomba hanishushi," akasema, wala hakulia. Bibi akanitazama. Moyo uliniuma, maana sauti yangu naijua, haikuwa ndogo.

Jumapili iliyofuata, mtoto yuko juu anayumba, bibi akaingia katikati ya uwanja na kipande cha kanga mpya. Mjomba akanyoosha mkono. "Nipe nimfikishie, mama."

"Namtuza mwenyewe, mwanangu," bibi akasema, kanga kaificha mgongoni. "Ila mie mfupi, huko juu sifiki. Mshushe."

Watu wakaangua kicheko. Jirani yetu muuza vitumbua, mwanamke mrefu kama mnazi, akadakia: "Hata mie mfupi!" Uwanja mzima ukaitikia, "Na sie! Na sie!" Tuzo zimeshikwa mikononi, hakuna anayetoa. Mjomba atafanyaje? Akamkalisha mtoto kwenye ukingo wa paa letu, akamfungua miti, akamteremsha. Hapo tuzo zikamiminika mpaka mikono ya binti haikutosha. Bibi akamviringishia kanga, akampakata, na mtoto akapitiwa na usingizi pale pale, ngoma zinalia.

Tangu hapo mjomba mwenyewe akawa anamshusha mapema, maana tuzo sasa ziko chini. Hakuwa mtu mbaya sana yule. Alifuata mikono yetu ilikoelekea.

Leo uwanja hakuna, bibi hayupo, na yule binti sijui yuko wapi, namwombea heri. Watazamaji ndio hawajapungua, wapo tele, wanapiga mayowe kwenye simu zao wakiwa wamekaa majumbani mwao. Ila kumpata mmoja wa kusema yeye ni mfupi, mwenzangu, hiyo ni kazi.